Shomoro Wasio na Wake

Jannes Wolbers alikuwa fundi wa paa kwa miaka arobaini na mbili, na ukitaka kumuudhi mwambie kigae ni kigae tu. Atakushika mkono, akutoe nje kwenye upepo, akuoneshe paa la kanisa, paa la shule, paa la duka la mikate, na kwa kila paa atakutajia mwaka, hali ya hewa ya siku hiyo, na jina la mjinga aliyemshikia ngazi. Katika miaka yote hiyo alianguka mara mbili tu. Mara ya kwanza aliangukia lundo la majani makavu. Mara ya pili alimwangukia mpaka rangi, na aliyepelekwa hospitali ni mpaka rangi. Hiyo ya pili aliisimulia kwenye kila harusi ya ukoo, hata harusi ya mtoto wa huyo mpaka rangi.

Basi mtu huyo, mwenye mdomo huo, siku barua ilipofika alikaa jikoni kimya mpaka mkewe akadhani ameondoka.

"Upo?"

"Nipo."

"Mbona hupumui?"

"Napumua. Napumua taratibu."

"Nisomee hiyo barua."

Fennie, mkewe, alikuwa haoni. Ugonjwa wa sukari ulimla macho, kwanza la kushoto, mwaka uliofuata la kulia, na sasa yapata miaka sita. Lakini ndani ya nyumba ile, namba saba, mtaa wa Spoelstraat, usingemtambua kuwa kipofu. Alikuwa ameishi humo miaka arobaini na minne. Alimenya viazi akiongea, alipanda ngazi na kikombe cha kahawa asimwage hata tone, alikwambia "vua viatu" kabla wewe mwenyewe hujakumbuka kwamba umeingia navyo. Wapo wageni waliokaa nusu saa nzima ndipo wakashtuka. "Samahani mama, kumbe wewe..." Naye huwakata: "Kumbe mimi nini? Kula mkate."

Jannes akasoma. Shirika la nyumba, wenye safu yote ya nyumba kumi na mbili, limeamua. Kuta zimechoka, unyevu umepanda, safu itabomolewa mwezi wa kwanza mwakani. Wapangaji wote watapatiwa makazi mengine. Wao wamepangiwa ghorofa ya nne, upande wa pili wa mji, nyuma ya stesheni, nyumba ya kisasa yenye lifti na mwanga mwingi.

"Mwanga mwingi," Fennie alisema. "Wamenifikiria kweli."

Walikwenda kuiona Alhamisi. Bwana Huiskes wa shirika aliwafungulia, kijana wa mkoba mwembamba na adabu nyingi. Jannes alikwenda moja kwa moja dirishani kuliponda paa la jengo la mbele. Fennie alibaki mlangoni. Akanyoosha mkono wa kulia, pale ambapo kwake pana ukuta, na mkono ukaenda, ukaenda, haukukuta kitu. Akapiga hatua moja. Mbili. Akageuka arudi mlangoni, na mlango nao haukuwepo pale alipouacha. Hakupiga kelele. Jannes alipogeuka alimkuta amechuchumaa katikati ya chumba kitupu, viganja vyote viwili sakafuni, kama mtu aliyekwama juu ya paa lenye barafu.

Jioni hakula. Kesho yake hakula mpaka adhuhuri, na dawa za sukari hazitaki mchezo na tumbo tupu.

"Mle ndani nitakufa, Jannes," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema maziwa yamekwisha. "Sio siku ya kwanza. Nitakaa kwenye kiti. Utanikalisha asubuhi, utaninyanyua jioni. Basi, hivyo mpaka mwisho."

Jannes akaanza kukimbia huku na huko. Alikwenda kwa daktari akapata cheti, akakipeleka kwa shirika, wakamshukuru. Alikwenda halmashauri, akapewa namba ya foleni, kisha akapewa anwani ya shirika. Aliandika barua tatu za mkono, yeye aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne na ambaye hata kadi za rambirambi aliandikiwa na mkewe, enzi mkewe anaona. Ya tatu aliiandika mara nne. Jibu lake lilikuwa limepigwa chapa kabla hajaandika ya kwanza, nadhani, kwa sababu lilifanana na majibu ya watu wote wa mtaa.

Aliyeleta habari ya shomoro ni Toon Egberink, jirani wa namba tisa, mgane, mtu wa kusoma gazeti lote hadi matangazo ya ng'ombe, kisha akusomee na wewe juu ya ua.

"Jannes! Kuna mji huko, kazi imesimama. Matingatinga yote yamelala. Unajua kisa nini? Shomoro."

"Toka hapa."

"Haki ya Mungu. Shomoro wa nyumbani. Sheria inamlinda yeye na kiota chake, awe na mayai asiwe nayo. Ukitaka kubomoa paa analokaa, kwanza aje mtaalamu ahesabu, halafu uombe kibali, halafu ungoje."

Jannes alicheka mpaka akakohoa. Maisha yake yote shomoro alikuwa adui wa kazi. Huingiza majani chini ya vigae, huziba mifereji, huharisha kwenye ngazi mpya. Ameshang'oa viota vingi kuliko nywele alizobakiwa nazo, na hilo si sifa, kwani nywele zenyewe hazikuwa nyingi. Kisha kicheko kikamwishia.

"Kwa hiyo mke wangu hana haki ya kubaki, ila shomoro anayo?"

"Mkeo hana mkia."

Asubuhi ya pili yake Jannes alikuwa nyuma ya nyumba na daftari. Ua wao wa miiba ulijaa shomoro. Walikuwepo miaka na miaka, yeye hakuwahi kuwatazama zaidi ya mtu anavyotazama kokoto. Akahesabu. Akahesabu tena. Aliandika kwa herufi kubwa: MADUME 31. MAJIKE 0.

"Madume watupu?" Toon aliuliza, kidevu juu ya ua.

"Kila mmoja ana ndevu nyeusi. Jike la shomoro halina ndevu. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Na wake zao wako wapi?"

"Wanaatamia."

"Wote? Kutwa? Hakuna hata mmoja anayetoka kwenda dukani?"

"Toon, wewe kuhusu wake una nini cha kunifundisha?"

"Nasema tu. Mimi nilidhani mtaa huu asiye na mke ni mimi peke yangu, kumbe tupo thelathini na wawili."

Fennie alikuwa amekaa dirishani, dirisha wazi, sweta mabegani. Akasema: "Hao sio."

"Sio nini?"

"Sio shomoro wa kwetu." Alikuwa amezaliwa shambani, kilomita tatu kutoka hapo, ambako sasa anaishi kaka yake Gradus. "Wa kwetu wanasema chilipu, chilipu, kwa uvivu, kama mtu anatafuna. Hao wako wanasema tek, tek, tek. Kama kijiko kinagongwa kwenye kikombe kitupu."

"Fennie, nimefukuza shomoro elfu kumi. Nitashindwa kumjua shomoro?"

"Ulikuwa unawafukuza. Sijui kama ulikuwa unawatazama."

Jannes akarudi kuhesabu. Kiburi cha fundi kinakwenda na pensheni, hakiachwi kazini.

Mtaalamu alitumwa na shirika lenyewe, kwa kuwa sheria inawataka. Alikuja mwanzoni mwa mwezi wa nne, jua ndiyo kwanza linachomoza, kwa baiskeli, na kigoda cha kukunja mgongoni. Jina lake Sietske Rinsma, mwanamke wa makamo kutoka mkoa wa Friesland, mwenye sauti ya chini, aina ya mtu ambaye ukimwuliza saa anakutazama kwanza. Jannes alimpokea kama waziri. Alikuwa ameoga, amevaa tai. Akamwekea daftari mkononi.

Sietske alisoma, akatazama uani kwa muda, akampa darubini.

"Mzee Wolbers, mchague mmoja. Utosi wake una rangi gani?"

"Kahawia."

"Wote?"

"Wote wa kahawia, kama chokoleti."

"Shavuni je?"

"Jeupe. Lina doa jeusi."

"Kama ameguswa na kidole chenye masizi?"

"Ndivyo hasa."

"Huyo ni shomoro wa mitini. Shomoro wa nyumbani dume ana utosi wa kijivu, kama amevaa kofia iliyopauka, na shavu lake halina doa. Jike lake ni la rangi ya vumbi, halina ndevu, umesema kweli. Ila hawa wa mitini, dume na jike wanafanana kila kitu."

Jannes akashusha darubini. "Una maana..."

"Nusu ya madume wako ni akina mama."

Upande wa pili wa ua ilisikika sauti ya kikombe kikivunjika, na Toon akicheka hadi akapiga magoti kwenye vitunguu vyake. Jannes hakucheka.

"Lakini ni shomoro."

"Ni shomoro."

"Basi waandike."

"Nitawaandika. Lakini hawakai kwenye paa lako, mzee. Angalia, wanaingia kwenye tundu la ule mtufaha mkavu, na wengine kule kwa jirani. Paa hili lote lingeanguka wao wasingegeuza hata shingo. Huyu anataka tundu la mti. Anayetaka vigae, anayetaka kukaa chumba kimoja na watu, ni yule wa nyumbani."

Akaegemeza ngazi, akapanda, akachungulia chini ya mstari wa kwanza wa vigae.

"Kuna vitana vya plastiki hapa," alisema kutoka juu. Vile vya meno marefu, vya kuziba mwanya ndege wasipite. "Vipo safu nzima. Nani alivifunga?"

Hapo mdomo wa Jannes ulitangulia akili, kama kawaida yake.

"Mimi! Nyumba kumi na mbili, mbele na nyuma, mwaka ule shirika walipotaka ndege watoke. Hupitishi hata nyuki pale."

Sietske akashuka polepole, akajifuta mikono. "Nimekagua mapaa mengi," alisema. "Sijaona kazi safi kama hii."

Miaka arobaini na mbili alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Kila mteja alisema "asante" na "bei yako kubwa." Sasa imekuja, na angetoa meno yake yote ili iwe uongo; ili mahali pamoja, nyumba moja tu kati ya kumi na mbili, awe siku hiyo alilewa, akaruka kitana kimoja.

"Lazima nije mara mbili," Sietske alisema. "Nitarudi baada ya wiki mbili."

Wiki mbili. Alasiri ile ile Jannes, mwenye miaka sabini na mmoja na goti la bandia, alikuwa juu ya ngazi na bisibisi. Toon alishika ngazi chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Ukianguka, Jannes, usiniangukie mimi."

"Wewe si mpaka rangi. Shika."

Alivitoa vitana vyote vya namba saba. Ndani ya mianya akaingiza nyasi kavu, pamba, manyoya ya mto wa Fennie. Akamwaga shayiri kwenye mfereji. Wakaja wale wale wa mitini, tek tek tek, wakala shayiri, wakafuta midomo, wakarudi kwenye mtufaha wao. Siku tatu, siku tano. Hakuna kofia ya kijivu hata moja. Fennie alikuwa ameanza kukaa kitini mapema kuliko kawaida. Aliacha kupanda ngazi na kahawa. Jannes alipomwuliza, alisema anafanya mazoezi.

Siku ya sita Jannes akapanda baiskeli kwenda kwa shemeji yake. Uwanja wa Gradus ulijaa shomoro wa nyumbani. Walilia chini ya mabati, walioga vumbi mbele ya banda la ng'ombe, walipigana, wakapatana, wakapigana tena. Jannes aligeuza kreti la maziwa, akakaa.

"Shemeji," Gradus alisema, "umekuja kusaidia au kuwachumbia?"

"Niache nitazame."

Alitazama siku tatu. Aliona dume linakaa mlangoni mwa tundu lake kutwa nzima, linaita, chilipu, chilipu, hata kama hakuna aliyeomba. Aliona majike ya rangi ya vumbi, aliyoyapita maisha yake yote bila kuyajua, na kila moja lina mstari hafifu juu ya jicho kama nyusi iliyochorwa na mtu mwenye haraka. Aliona kwamba hawaendi popote. Wote huishia ua wa nyuma, njia ya matrekta, basi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda jingine zuri, la vigae vya kale, mianya tele. Tupu.

"Mbona hawahamii pale?"

"Hao?" Gradus alisema. "Banda langu la zamani lilipoungua, walikaa kwenye ua kando ya majivu miezi minane. Mvua, theluji, wao wamekaa wanatazama mahali lilipokuwa. Nusu wakafa hapo hapo. Banda la jirani hilo hilo lilikuwepo. Hawakwenda."

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani hapo. Jannes aliazima ungo wa nafaka, akausimamisha kwa kijiti, akafunga kamba, akamwaga makombo. Kufikia jioni alikuwa na shomoro sita kwenye kikapu cha kubebea paka, madume matatu na majike matatu, mmoja ana unyoya mweupe bawani. Alijua ni kosa. Alikanyaga baiskeli kilomita tatu na kosa lake limefunikwa koti, linamsuta njia nzima.

Aliwaachia darini, chini ya vigae, akaziba mwanya kwa matambara. Chini jikoni Fennie alikuwa anamenya viazi. Yule dume wa unyoya mweupe akajitikisa, akasema mara moja: chilipu.

Kisu kikasimama.

"Jannes," Fennie aliita, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Jannes! Ndio hao!"

Usiku huo alikula sahani mbili za viazi na kabichi, akasimulia habari za baba yake, za banda, za paka aliyeitwa Askofu. Jannes alitazama uso ule na hakuthubutu kumwambia kitu.

Asubuhi alitoa matambara. Wakatoka mmoja mmoja, wakakaa kwenye mfereji muda wa mtu kuwasha kiko. Kisha wakaruka, wote sita, njia moja. Kabla ya saa nne simu ikalia, Fennie akiwa kando anasikiliza.

"Shemeji," Gradus alisema, "yule wako mwenye unyoya mweupe amerudi. Amekaa pale pale kwenye tundu lake na anatukana. Ulimpeleka wapi?"

Sietske alirudi kama alivyoahidi. Hakuhitaji ngazi kuona.

"Mzee Wolbers. Vitana viko wapi?"

"Upepo."

"Upepo umefungua skurubu?"

"Upepo wa huku huja na bisibisi."

Hakutabasamu, wala hakukasirika, na hilo lilimtisha Jannes zaidi. Akakunjua kigoda, akatoa penseli. Ndipo Fennie, kutoka dirishani, akasema:

"Wapo. Nawasikia kila asubuhi."

Jannes aligeuka. Miaka arobaini na minne hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akisema uongo, hata kuhusu supu ya mumewe.

"Unawasikia wapi, mama?" Sietske aliuliza.

"Juu ya chumba cha kulala. Wanasema hivi." Na akaita, chilipu, chilipu, sawasawa kabisa, hata wale wa uani wakanyamaza.

Penseli ya Sietske ilikuwa imegusa karatasi. Sikio la kipofu si sikio la mchezo, na yeye katika kazi yake alijua hilo kuliko sisi. Aliitazama karatasi, akautazama uso wa Fennie.

"Basi tuwasubiri pamoja," alisema.

Wakatoa viti viwili zaidi. Jannes akaleta kahawa, ikapoa. Saa moja ikapita, saa mbili zikakaribia. Jua likapanda ukutani, likafika kwenye ile mianya mitupu yenye manyoya ya mto yanayopepea. Tek, tek, uani. Fennie alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe mapajani, kwa nguvu. Kila sauti ilipopita aliinua kichwa, na kila mara alikuwa wa kwanza kukishusha, kwa kuwa alijua kabla yao. Jannes alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuyatumia tangu siku ile angani, kabla ya kumfikia mpaka rangi.

"Acha," Fennie alisema mwishowe. "Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Unajua cha kuandika. Nisamehe."

Sietske akaandika sifuri. Jannes aliiona ikichorwa.

"Ungeandika mmoja tu!" Alikuwa amesimama, sauti inamkatika. "Mmoja! Nani angekuja kumhesabu?"

"Mwingine kama mimi. Asingemkuta. Na siku nitakayoandika yupo kweli, nani ataniamini?" Akaiweka penseli. "Na mzee, sikiliza. Hata wangekuwepo, nyumba ingebomolewa. Ingechelewa tu. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Toon alikuwa amemsomea mwanzo wa habari tu, mwisho wake ulikuwa ukurasa wa nane. Jannes akaketi tena, kiti kikalia chini yake.

"Wangewafanya nini hao ndege?" aliuliza, kwa sababu lazima mtu aulize kitu.

"Wangewatundikia visanduku vya kuzalia. Karibu, si zaidi ya mita mia mbili. Na mapema, miezi kabla, nyumba ya zamani bado imesimama. Shomoro wa nyumbani hahami siku moja. Anakwenda kupaangalia, anarudi. Anakwenda, anarudi. Ukimbomolea kwanza, anabaki kwenye kifusi."

"Miezi mingapi?" Fennie aliuliza.

"Mitatu, angalau."

"Na ya zamani bado imesimama."

"Ndiyo."

"Akishindwa, anarudi kwake jioni."

"Ndiyo, mama."

Fennie akawaza. "Jannes, sisi funguo watatupa lini?"

"Wiki mbili kabla. Imeandikwa."

"Wiki mbili," alisema. "Shomoro miezi mitatu."

Sietske alikuwa anafunga kigoda chake. "Mimi ninaandikia ndege tu," alisema, na safari hii ni yeye aliyeonekana kuomba msamaha.

Jumatatu walikuwa ofisini kwa Bwana Huiskes. Jannes alikuwa amejiandaa kupasua meza, lakini Fennie alimbana mkono, akaongea yeye. Ile nyumba ya ghorofa ya nne ni tupu? Ni tupu. Basi anataka funguo mwezi wa sita, ahamie mwezi wa kwanza. Huiskes akasema kuna taratibu. Akapekua, akapiga simu, akatoka, akarudi. Inawezekana, alisema, ila wapangaji wanaochukua funguo wanakuwa wamekubali kuondoka. Watie sahihi hapa. Baada ya hapo hakuna pingamizi, hakuna rufaa.

"Usitie," Jannes alisema. "Fennie, usitie. Bado kuna mahakama. Bado kuna..."

"Bado kuna nini? Umeshaiba ndege."

"Ameiba nini?" Huiskes aliuliza.

"Wewe andika, kijana wangu. Jannes, nioneshe mstari uko wapi."

Hakuna mwingine wa kumwonesha. Ilibidi yeye mwenyewe aushike ule mkono, akitafutie kidole mahali pake, akishikilie. Aliwahi kupanda ngazi na vigae arobaini kwa mkupuo mmoja. Hakuna kilichomlemea kama kidole kile. Fennie aliandika jina lake lote, kubwa, likatoka nje ya mstari na kuipanda tarehe aliyoiandika Huiskes.

Siku ya kwanza ya funguo walikwenda kwa basi. Fennie alimkataza kumgusa. "Kaa nyuma. Hatua tatu. Usikohoe kunielekeza." Alitoka kwenye lifti, akaweka kiganja ukutani, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Ishirini na sita, ishirini na saba. Akasimama, akatafuta tundu la ufunguo, akasukuma, akageuza. Haukugeuka. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mama mmoja mwenye taulo kichwani.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Naitafuta nyumba yangu."

"Ni mlango unaofuata."

Aliupata unaofuata. Akaingia. Hatua nne, akanyoosha mkono kulia, na mkono ukaenda, ukaenda. Jannes alikuwa mlangoni, ameng'ata kofia yake. Alimwona mkewe akiyumba, akamwona akitafuta sakafu kwa viganja, akipiga magoti.

"Usinishike!"

"Sijakushika."

"Nakusikia unakuja. Rudi."

Akarudi. Fennie alilia pale sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu barua, kilio cha hasira, cha pua na mate. Kisha akasema: "Nipeleke nyumbani." Alipofika namba saba alikwenda moja kwa moja jikoni bila kuvua koti, akashika sinki kwa mikono miwili, akabaki ameishika mpaka giza likaingia. Jannes hakujua kama, kwa giza hilo, alipaswa kuwasha taa.

Kesho yake Jannes alishuka kutoka chumbani akatengeneza chai, akapaka siagi kwenye mkate wake. Ndipo akamwona mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, funguo mkononi.

"Basi linapita saa mbili na dakika kumi," Fennie alisema. "Umeshavaa viatu?"

Hakuwa amevaa. Akauweka mkate mdomoni, akainama kuvitafuta.